Ukungu Unapovamia Mapafu ya Mgonjwa Mahututi

TUSEME ndugu yako amelazwa hospitalini kwa sababu ya homa ya mafua au korona iliyomshuka mapafuni. Ameanza kwa kuwekewa oksijeni, kisha akahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi na kuunganishwa na mashine ya kupumulia. Siku ya tatu daktari anawaambia kwamba hali imetulia kidogo, nanyi mnapigiana simu mkimshukuru Mungu. Siku ya sita mambo yanageuka. Joto la mwili linapanda tena, oksijeni inapungua katika damu, na makohozi yanayovutwa kwa mpira yana michirizi ya damu. Anabadilishiwa dawa za kuua bakteria mara ya kwanza na mara ya pili, lakini nafuu haionekani.

Watu wa nyumbani watasema virusi vimerudi kwa nguvu. Daktari naye atafikiria kwanza bakteria wanaopatikana hospitalini, na mara nyingi atakuwa sahihi, kwani bakteria ndio wanaofuata virusi mara nyingi zaidi. Lakini yuko mvamizi wa tatu ambaye kwa miaka mingi hakufikiriwa kabisa katika hali kama hii, naye ni ukungu. Tumeamua kumzungumzia wiki hii kwa sababu mgonjwa aliyevamiwa na ukungu hawezi kupona kwa dawa ya bakteria, hata ikiwa ya bei ghali namna gani, na kila siku inayopita kabla ya kutambuliwa hupunguza nafasi yake ya kuishi.

UKUNGU GANI HUU?

Ukungu ni mmoja wa viumbe wa jamii ya kuvu, ambao wengi mjini huwaita fangasi. Bila shaka umeuona. Ni ule unaoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini, juu ya kiatu kilichoachwa chini ya kitanda wakati wa mvua za masika, na kwenye ukuta wa chumba cha kupanga ambao mwenye nyumba amekuwa akiahidi kuurekebisha tangu mwaka juzi.

Aina inayotuhusu leo huitwa aspajilasi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1729 na padri mmoja wa Florence, Pier Antonio Micheli, ambaye pia alikuwa mtaalamu wa mimea. Alipoutazama ukungu huo kwa hadubini aliona kikonyo chenye kichwa kilichojaa vijimbegu, akakumbuka kile chombo anachotumia padri kuwanyunyizia waumini maji ya baraka, ambacho kwa Kilatini huitwa aspergillum.

Sisi Wakenya tuna kumbukumbu chungu ya ukungu wa jamii hii. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, ambayo hutengenezwa na aina moja ya aspajilasi. Hata hivyo, usichanganye mambo haya mawili. Sumu ya mahindi hupitia tumboni na kuharibu ini. Ugonjwa tunaouzungumzia hapa hupitia puani na kukaa mapafuni, na mara nyingi huletwa na ndugu mwingine wa ukungu ule, anayestawi katika majani yanayooza, mboji, nyasi kavu na vumbi.

Vijimbegu vya ukungu huu ni vidogo mno hivi kwamba ukivipanga zaidi ya 300 katika mstari ndipo utapata urefu wa milimita moja. Huelea hewani kila mahali, na kila siku mimi na wewe tunavivuta kwa mamia bila kudhurika. Vinyweleo vidogo vilivyo ndani ya njia za hewa huvifagia kuelekea kooni pamoja na ute. Vile vinavyoponyoka na kufika ndani kabisa ya mapafu humezwa na chembe za kinga zinazolinda doria huko. Vikianza kuchipua, chembe nyeupe za damu huja kwa wingi na kuvimaliza.

MLANGO UNAFUNGULIWAJE?

Kwa muda mrefu madaktari walifundishwa kwamba ukungu huu hushambulia mapafu ya watu wenye kinga duni sana: wenye saratani ya damu, waliopandikizwa figo au uboho, na wengine wa namna hiyo. Mtu aliyekuwa akienda kazini Jumatatu na kulazwa Ijumaa kwa homa ya mafua hakuwemo katika orodha hiyo.

Sasa imefahamika kwamba virusi vyenyewe vinaweza kumweka mtu katika hali ile ile kwa siku chache tu. Virusi vya mafua makali huua ngozi laini inayofunika njia za hewa ndani. Vile vinyweleo vya kufagia hung'oka, na mahali palipokuwa na ukuta panabaki kidonda kibichi. Wakati huo huo chembe za kinga, ambazo zimekuwa zikipigana na virusi usiku na mchana, hupoteza uwezo wa kumeza na kuua vijimbegu. Vijimbegu hivyo, ambavyo mgonjwa alikuwa akivivuta maisha yake yote, sasa hupata mahali pa kuota. Hutoa nyuzi zinazopenya nyama ya pafu na kuingia katika mishipa ya damu. Mishipa huziba, sehemu ya pafu hukosa damu na kufa, na nyingine hutoboka. Ndiyo sababu mgonjwa huanza kukohoa damu.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1952 madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida lao habari za ukungu wa mapafu uliofuata homa ya mafua iliyogeuka kuwa nimonia na kutibiwa kwa dawa za kuua bakteria. Taarifa kama hizo ziliendelea kutokea hapa na pale, zikachukuliwa kuwa vioja vya kitabibu. Ni baada ya mlipuko wa mafua wa mwaka 2009 ndipo madaktari wa vyumba vya wagonjwa mahututi walipoanza kuziona mara kwa mara.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vyumba saba vya wagonjwa mahututi nchini Uholanzi na Ubelgiji. Kati ya wagonjwa 432 wa homa kali ya mafua, 83 walikuwa na ukungu huu mapafuni, yaani karibu mmoja katika kila watano. Hata miongoni mwa wale ambao kinga yao haikuwa na kasoro kabla ya kuugua mafua, 14 katika kila 100 waliupata. Nusu ya walioupata walikuwa wamefariki baada ya siku 90, ilhali kwa wasioupata waliofariki walikuwa 28 katika kila 100. Kwa kawaida uligunduliwa siku ya tatu hivi baada ya mgonjwa kuingizwa katika chumba hicho.

Hayo ni mambo ya Ulaya, kwenye hospitali zenye vipimo vyote. Hospitali isiyo na kipimo haiwezi kuhesabu wagonjwa wa namna hii, kwa hivyo usidhani hapa kwetu hawapo kwa sababu hawatajwi.

DAWA INAYOOKOA NA KUHATARISHA

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Miezi mitatu baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitangaza kwamba dawa ya zamani na ya bei nafuu, deksamethasoni, ilikuwa ikiokoa maisha. Kati ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilipungua kutoka 41 hadi 29 katika kila 100. Waliohitaji oksijeni tu walifaidika pia, ingawa kwa kiasi kidogo. Kipimo kilichotumika kilikuwa miligramu 6 mara moja kwa siku, kwa siku zisizozidi 10.

Deksamethasoni, pamoja na prednisoloni, ni katika dawa ziitwazo steroidi. Kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili. Katika korona kali kinga hupandwa na hasira hata ikawa inayachoma mapafu ya mwenyewe, na hapo kuituliza ni kumwokoa mgonjwa. Lakini kinga iliyotulizwa haipigani vizuri na ukungu. Hivyo mgonjwa hujikuta na mapafu yaliyochubuliwa na virusi, askari wake wamelazwa usingizi, na vijimbegu vinaendelea kuingia kwa kila pumzi. Wagonjwa wa korona waliopata aspajilasi katika vyumba vya mahututi waliripotiwa katika nchi nyingi, mara nyingi baada ya wiki moja hivi ya kuwa katika chumba hicho.

Hapa, msomaji, naomba unisikilize vizuri, maana sehemu hii ya habari ile ya Oxford haikusikika sana. Wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida yoyote kutokana na deksamethasoni. Hesabu zao hata zilielekea upande mbaya kidogo. Kwa hivyo mtu aliye nyumbani akikohoa, ambaye anapumua vizuri, kisha akatumwa mtoto dukani kumnunulia vidonge hivyo kwa sababu jirani alivitumia akapona, anailaza kinga yake wakati anapoihitaji zaidi. Najua vidonge hivyo ni rahisi kuvipata. Najua pia vinamfanya mtu ajisikie mchangamfu kwa siku mbili tatu na kumrudishia hamu ya kula. Huo si uponyaji.

Nchini India, mwaka 2021, dunia iliona mambo hayo yakitokea kwa kiwango cha kutisha. Wakati wimbi la pili la korona lilipopanda, watu wengi walipewa steroidi kwa wingi na kwa muda mrefu kuliko inavyopasa, wengine wakizinunua wenyewe, na wengi wao walikuwa na ugonjwa wa kisukari. Steroidi hupandisha sukari mwilini. Ukungu wa aina nyingine kabisa, ambao magazeti yaliuita ukungu mweusi, uliwavamia. Kufikia mwisho wa Juni mwaka huo serikali ya India ilikuwa imehesabu zaidi ya wagonjwa 40,000. Wengi walishambuliwa puani, machoni na kuelekea kwenye ubongo, hata madaktari wakalazimika kuwatoa baadhi yao jicho ili kuwaokoa. Wachache walishambuliwa mapafuni.

UKUNGU NA VIRUSI VYA UKIMWI

Tusisahau kwamba ukungu wa mapafu unaofuata virusi ndio uliowafumbua madaktari macho kuhusu Ukimwi. Tarehe 5 Juni 1981 taarifa fupi ilichapishwa Marekani kuhusu vijana watano wanaume wa Los Angeles waliokuwa na nimonia ya ajabu. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Kiini cha nimonia hiyo, nimosistisi, wakati huo kilidhaniwa kuwa kijidudu kama cha malaria au amiba. Mwaka 1988 ndipo uchunguzi wa chembe zake za urithi ulipoonyesha kwamba ni kuvu.

Nimonia hii haiji kwa kishindo. Mgonjwa hukohoa kikohozi kikavu, na kwa wiki kadhaa hupungukiwa na pumzi kidogo kidogo. Akiketi anaonekana hana neno, lakini akipanda ngazi orofa moja anahema kama aliyekimbia, na kile kifaa cha kidoleni kinaonyesha oksijeni imeshuka. Picha ya eksirei inaweza kuonekana safi au karibu safi. Watoto wachanga waliozaliwa na virusi hushambuliwa zaidi wakiwa na umri wa miezi mitatu hadi sita.

Dawa yake ni septrini, ile ile inayojulikana na kila mtu, ila kwa kipimo kikubwa na cha siku nyingi, kama wiki tatu. Septrini hiyo hiyo kwa kipimo kidogo cha kila siku huuzuia ugonjwa usianze. Ikiwa umepewa septrini kliniki, usiiache kwa sababu unajisikia vyema. Ngoja daktari mwenyewe akuambie uiache. Na utashangaa kusikia kwamba mgonjwa wa nimonia hii akizidiwa, daktari humwongezea steroidi juu ya septrini, nayo humsaidia kuishi. Kwa hivyo usije ukamkataza daktari kumpa mgonjwa wako steroidi kwa sababu ya niliyoyasema hapo juu. Tatizo ni steroidi isiyo na sababu, isiyo na kipimo na isiyo na mwisho.

KUUTAMBUA NI KAZI

Turudi kwa ndugu yako aliye kwenye mashine. Daktari atajuaje kama ni ukungu? Dalili zake, yaani joto la mwili lisilosikia dawa, pumzi kuzidi kuwa nzito, maumivu ya kifua na damu katika makohozi, zote zinaweza kuletwa na virusi au bakteria. Picha ya skani, ambayo kwa mgonjwa wa saratani ya damu huonyesha alama zinazojulikana, kwa mgonjwa wa korona huwa imejaa mawingu meupe hata hujui lipi ni la nani. Makohozi yakipandwa maabara huenda yasiote kitu. Yakiota kuvu ya kandida, ile inayoleta utando mweupe mdomoni, mara nyingi hiyo si ugonjwa wa mapafu hata kidogo.

Njia bora ni kuingiza mpira mwembamba wenye kamera mapafuni, kumwaga maji kidogo ya chumvi na kuyavuta tena. Maji hayo hupimwa sukari ya namna maalumu inayotoka kwenye ganda la ukungu. Sukari hiyo hupimwa pia katika damu, lakini kwa mgonjwa wa mafua au korona damu inaweza kuonyesha hakuna kitu ilhali mapafuni ukungu umejaa. Mwaka 2020 madaktari wengi waliogopa kuutumia mpira huo, kwa sababu ukiingizwa mgonjwa hukohoa na kurusha virusi chumba kizima. Woga wao ulikuwa na haki, lakini kwa sababu hiyo ukungu wa wagonjwa wengi haukutafutwa.

Ukipatikana, au ukishukiwa kwa nguvu, dawa inayotangulia kwa kawaida ni vorikonazoli. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba baada ya wiki 12, wagonjwa 71 katika kila 100 waliotibiwa kwa dawa hiyo walikuwa hai, wakilinganishwa na 58 waliopewa amfoterisini, dawa ya zamani ambayo huumiza figo. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na magonjwa ya damu, si mafua. Matibabu huendelea kwa wiki nyingi, ini lazima lipimwe, na mgonjwa anaweza kuona mwanga au rangi za ajabu kwa muda. Flukonazoli, ambayo wengi wetu tunaijua kwa sababu inapatikana kwa urahisi, haiuui ukungu wa aspajilasi. Ukiambiwa na muuza dawa kwamba zote ni za fangasi, mwambie hapana.

Kuna tatizo jingine linalotujia kutoka mashambani. Dawa za kunyunyizia maua na mboga ili zisiote ukungu ni za ukoo mmoja na vorikonazoli. Ukungu wa udongoni ukizoea moja huizoea na nyingine, na watafiti wamekwisha kupata ukungu sugu wa namna hiyo katika udongo wa Naivasha na Nairobi.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, usimwogope mgonjwa. Aspajilasi haiambukizwi na mtu kwa mtu, kwa hivyo unaweza kumshika mkono, ukifuata masharti ya wodi kuhusu virusi alivyo navyo. Ila usimpelekee maua yaliyo katika chungu cha udongo, na ikiwa kuna mafundi wanaobomoa ukuta karibu na wodi huku vumbi likiingia, lalamika kwa msimamizi. Vumbi la ujenzi limewahi kuleta ukungu hospitalini katika nchi nyingi.

Mpe daktari historia kamili. Mwambie kama mgonjwa ana kisukari, kama aliwahi kuugua kifua kikuu, kama ana virusi vya Ukimwi, na hasa kama alikuwa akimeza prednisoloni au deksamethasoni nyumbani kabla ya kuletwa. Wengi huficha jambo hili la mwisho kwa aibu. Ficha mengine ukitaka, hili usilifiche. Ikiwa dawa za bakteria zimebadilishwa mara mbili bila nafuu, si utovu wa adabu kuuliza, "Daktari, je, inawezekana kuwa ni ukungu? Kuna kipimo?" Uliza pia steroidi zitakoma lini na sukari yake ni ngapi leo. Daktari mwema hatachukizwa na maswali hayo, na mwenye wagonjwa wengi kupita kiasi atashukuru kukumbushwa.

Kwa aliye mzima, kinga kubwa ni kutoacha virusi vifike hatua hiyo. Chanjo ya korona, na chanjo ya mafua ambayo hutolewa kila mwaka katika baadhi ya hospitali za kibinafsi, zinawafaa zaidi wazee, wenye kisukari, wenye pumu na wajawazito. Kuwameza watu dawa ya ukungu mapema ili wasipate kumejaribiwa kwa wagonjwa mahututi wa mafua huko Ulaya na hakukuleta faida iliyotarajiwa, kwa sababu wengi wa walioupata walikuwa nao tayari walipofika.

Wiki ijayo, tukijaliwa, tutawaangalia wale waliotibiwa kifua kikuu wakapona, lakini miaka kadhaa baadaye wakaanza tena kukohoa damu huku maabara ikisema hakuna kifua kikuu. Matundu ambayo ugonjwa huo huyaacha mapafuni ni makao mazuri ya ukungu huu huu.